Uliza Fundi: Herufi zinaruka mstari ninapochapa

SWALI: Dada fundi, pole na kazi. Mimi ni mama mtu mzima, nina steshenari hapa Iringa karibu na chuo. Nachapa kazi za wanafunzi, barua na mikataba ya watu. Nimenunua laptopu used, Dell Latitude, ikiwa na Linux Mint Cinnamon. Naipenda, ni nyepesi na haijanisumbua kwa virusi. Tatizo ni moja tu. Nikiwa nachapa, ghafla herufi zinaanza kuingia mistari mitatu juu, katikati ya sentensi nyingine. Juzi aya nzima ya tasnifu ya mtu imefutika nikiiona, na mwenye kazi amekaa pembeni yangu. Kijana mmoja aliniwekea tiki ya kuzima tachipadi wakati wa kuchapa. Tatizo likapungua, ila halikuisha. Mwingine anasema nizime tachipadi jumla ninunue mausi. Meza yangu ni finyu, printa iko kulia na karatasi za wateja ziko kushoto. Nifanyeje? — Mchapaji, Iringa

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana kwa aya hiyo. Nianze na dharura, maana najua mwenye kazi akiwa pembeni mtu hupaparika. Likitokea tena, usibofye popote wala usiendelee kuchapa. Shika Ctrl, bonyeza Z. Maandishi yatarudi. Ukishaandika mistari kadhaa bado unaweza kurudi nyuma, lakini kila hatua inafuta na ulichoongeza baadaye, kwa hiyo uwahi.

Sasa tatizo lenyewe. Kwenye skrini kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna mshale unaotembea ukisogeza kidole kwenye tachipadi, na kuna kile kistari kinachopepesa katikati ya maandishi, kinachoonyesha herufi itatua wapi. Mshale ukitembea peke yake hauharibu hata nukta. Unaweza kuzunguka skrini nzima na kistari kikabaki palepale. Kinachohamisha kistari ni kubofya. Na laptopu nyingi zimewekwa hivi: ukigusa tachipadi mara moja kwa haraka na kuinua, mfumo unahesabu umebofya. Shina la kidole gumba likigusa kidogo tu wakati unafuata kitufe cha nafasi, tayari umebofya, na kistari kinarukia popote mshale ulipokuwa umelala. Ndiyo maana herufi zako zinaingia mistari mitatu juu. Mshale ulikuwa huko tangu mara ya mwisho uliposogeza kidole.

Aya kufutika ni hatua ya pili ya jambo hilohilo. Kiganja kikigonga mara moja kisha kikatua tena palepale na kuteleza, mfumo unaelewa kwamba unataka kuburuta, kwa hiyo unachagua maandishi yote ambayo mshale umepita juu yake. Yanageuka rangi. Wewe macho yako yako kwenye karatasi ya mteja, huoni. Herufi inayofuata inachukua nafasi ya yote yaliyochaguliwa, na aya imekwenda. Mikono yako haina kosa, mama. Asikuambie mtu kwamba hujui kuchapa. Waliojifunza kwenye taipureta walifundishwa kuinua viganja, na taipureta yenyewe haikuwa na pa kuvilaza. Laptopu imetengenezwa na sehemu ya kulaza viganja, halafu tachipadi ikawekwa katikati ya sehemu hiyohiyo.

Ile tiki aliyokuwekea kijana ni nzuri na uiache. Nitaeleza inafanya nini, kwa sababu ukielewa utaona mwenyewe kwa nini haikutosha. Kwenye Linux za leo kazi ya tachipadi inashikwa na programu inayoitwa libinput. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, na Peter Hutterer wa Red Hat ameitunza kwa miaka mingi. Watu hawa waliifikiria sana mikono ya mchapaji. Ukibonyeza herufi ya kwanza, tachipadi inafungwa kwa milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Ukiendelea kuchapa mfululizo, muda unaongezeka hadi milisekunde 500, nusu sekunde, na unahesabiwa upya kila unapobonyeza. Ctrl, Alt na Shift hazihesabiwi, ili mtu anayeshika Ctrl huku akibofya asizuiwe. Na kiganja kilichotua wakati unachapa hupuuzwa mpaka ukiinue, hata kikikaa hapo dakika nzima.

Nusu sekunde inamtosha mtu anayetunga kutoka kichwani na vidole vyake havipoi. Wewe unanakili maandishi ya mkono. Unachapa maneno sita, unageuza shingo, unasoma mwandiko wa mwanafunzi ambaye "m" yake na "n" yake ni kitu kimoja, unasogeza karatasi, unarudisha mkono. Hapo zimepita sekunde tatu au nne. Tachipadi imeshafunguka zamani, na mkono unaporudi unatua upya kama mguso mpya kabisa. Tiki imefanya kazi yake ikamaliza, na ajali inatokea kwenye pengo. Ndiyo maana tatizo limepungua bila kuisha.

Kwa hiyo dawa yako ni kuzima kubofya kwa kugusa. Tachipadi ibaki hai, mshale utembee upendavyo, lakini mguso peke yake usihesabiwe kuwa ni kubofya. Ukifanya hivyo hata kulekule kuburuta kwa bahati mbaya kunakoma, kwa sababu kunaanza na mguso huohuo. Kwenye Mint yako fungua System Settings, ingia Mouse and Touchpad, kisha kichupo cha Touchpad. Acha Disable touchpad while typing ikiwa imewashwa, na uzime Tap to click. Ni hayo tu. Kuanzia hapo utabofya kwa vitufe vilivyo chini ya tachipadi. Latitude nyingi za zamani zinavyo, vya kushoto na kulia, na vingine juu yake kwa ajili ya kile kijiti cha katikati ya kibodi. Kama yako ni ya aina isiyo na vitufe, bonyeza sehemu ya chini ya tachipadi hadi isikike ikikata. Siku mbili tatu za kwanza kidole kitaendelea kugonga bila majibu, kisha kitazoea.

Kwa mtu anayeishi kwa kuchapa, mimi huzima kubofya kwa kugusa kabla laptopu haijatoka mezani kwangu, na humwonyesha mwenyewe pa kuiwasha akitaka. Na mtu akiniuliza anunue laptopu gani used ya steshenari, swali la pili baada ya kibodi ni kama ina vitufe halisi vya kubofya. ThinkPad T440 haikuwa navyo, tachipadi nzima ndiyo ilikuwa kitufe. T450 iliyofuata, mwaka 2015, ikavirudisha juu ya tachipadi. Ukiwekewa hizo mbili dukani kwa bei zinazokaribiana, chukua T450.

Kuna jambo moja zaidi la kuhakiki, hasa kwa kuwa laptopu yako ni used na hujui waliotangulia waliifanyia nini. Linux inayo draiva nyingine, yaani programu ya kuendesha kifaa, ya zamani ya tachipadi inayoitwa synaptics. Ilikuwa ndiyo ya kila mtu kabla ya libinput. Maelekezo mengi yaliyoandikwa miaka hiyo bado yanasomwa leo, na mafundi wengi wanayafuata: weka synaptics, kisha tumia syndaemon. Hiyo syndaemon ni programu ndogo inayokaa nyuma ikisikiliza kibodi na kuzima tachipadi unapochapa. Ilikuwa kazi nzuri kwa wakati wake. Shida ni kwamba zikiwapo zote mbili kwenye mfumo wako, synaptics ndiyo inayoshika tachipadi, na yote niliyokueleza kuhusu libinput hayafanyi kazi.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

xinput list

Utaona orodha ya vifaa. Kwenye Latitude nyingi tachipadi hujiandika AlpsPS/2 ALPS DualPoint TouchPad, na kwenye laptopu nyingine SynPS/2 Synaptics TouchPad. Tafadhali usishtuke ukiona jina Synaptics hapo. Hiyo ni kampuni iliyotengeneza tachipadi yenyewe, haina maana kwamba draiva ya synaptics ndiyo inatumika. Nakili jina ulilolikuta, uliweke kwenye alama za kunukuu:

xinput list-props "AlpsPS/2 ALPS DualPoint TouchPad"

Ikija mistari inayoanza na neno libinput, uko salama. Tafuta ule unaosema libinput Disable While Typing Enabled, mwisho wake uwe 1, na libinput Tapping Enabled mwisho wake uwe 0. Ile mistari yenye neno Default iache, hiyo inaonyesha tu mfumo ulivyokuja. Ikija mistari inayoanza na Synaptics, kama Synaptics Off au Synaptics Tap Action, basi draiva ya zamani ndiyo inayotawala. Hapo hakikisha kwanza mpya ipo, kisha ondoa ya zamani:

sudo apt install xserver-xorg-input-libinput
sudo apt remove xserver-xorg-input-synaptics

Soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kukubali, kisha uwashe laptopu upya. Weka mausi ya kuazima karibu, endapo tachipadi itachelewa kuitika mara ya kwanza.

Kuhusu mausi: nunua ukitaka, haina ubaya. Ila usizime tachipadi jumla kwa ajili hiyo. Siku mausi itakapokufa mchana wa kukabidhi tasnifu, hutataka kuanza kutafuta namna ya kuiwasha tachipadi bila mshale. Na kwa meza uliyonieleza, yenye printa huku na karatasi za wateja kule, mausi itakuwa inakimbizana na mikataba ya watu. Bakia na tachipadi yako, mama.

SWALI: Habari yako dada fundi. Ninasoma Eldoret. Chai ilimwagikia laptopu yangu na herufi kadhaa zikakufa, kwa hivyo nilinunua kibodi ya USB na huwa naiweka juu ya ile ya laptopu. Natumia Linux ya Ubuntu 24.04. Nimeandika ile amri ya gsettings kuuliza kama tachipadi inazimwa wakati wa kuchapa na ikajibu true. Lakini mshale bado unatembea na kubofya nikiwa katikati ya ripoti. Inawezaje kusema true na isifanye? — Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Nzuri sana, mdogo wangu. Jibu la true ni la kweli, ila linaihusu kibodi ya ndani, ile iliyomwagikiwa chai.

libinput haizimi tachipadi kwa sababu tu kuna mtu anachapa mahali fulani. Inaoanisha tachipadi ya laptopu na kibodi ya laptopu, kwa hoja kwamba mikono inayochapa kwenye kibodi hiyo ndiyo iliyo karibu na tachipadi. Kibodi ya USB inachukuliwa kuwa iko mbali, labda mezani na laptopu imeinuliwa kwenye stendi, na mtu huyo anaweza kutaka kugusa tachipadi wakati wowote. Kwa watu wengi hoja hiyo ni sahihi. Kwako si sahihi, kwa kuwa kibodi yako imekaa juu ya laptopu na viganja viko palepale kwenye tachipadi.

Unaweza kuiambia libinput kwamba kibodi hii ya nje iihesabu kuwa ya ndani. Kwanza pata jina lake:

sudo apt install libinput-tools
sudo libinput list-devices

Shuka taratibu kwenye orodha hadi uikute kibodi yako ya USB, unakili jina lililo mbele ya Device kama lilivyo, herufi kubwa na ndogo, na nafasi zake. Kwenye orodha hiyohiyo utaikuta tachipadi pia, na utaona mstari wa Disable-w-typing ukisema enabled. Sasa tengeneza faili:

sudo mkdir -p /etc/libinput
sudo nano /etc/libinput/local-overrides.quirks

Ndani yake andika:

[Kibodi yangu ya USB]
MatchUdevType=keyboard
MatchName=JINA ULILONAKILI
AttrKeyboardIntegration=internal

Mstari wa kwanza ni jina la kukusaidia wewe kukumbuka, andika upendavyo. Hifadhi, kisha uwashe laptopu upya. Kuanzia hapo ukichapa kwenye kibodi ya USB tachipadi itafungwa kama vile unachapa kwenye ile ya ndani. Kibodi nyingine za USB hujitokeza mara mbili kwenye orodha, moja ikiwa ya vitufe vya sauti na mwanga. Chukua ile isiyotaja Consumer Control wala System Control.

Usijisumbue na xinput set-prop unayoiona kwenye maelekezo mengi. Ubuntu 24.04 kwa kawaida inaingia kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, na kule amri hiyo haibadilishi tachipadi. Mipangilio ya Ubuntu inapita gsettings. Ukitaka kuzima pia kubofya kwa kugusa, kama nilivyomshauri mama wa Iringa, ni hii:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad tap-to-click false

Na ukiwa siku zote unatumia mausi pamoja na kibodi hiyo ya USB, ipo njia ya mkato zaidi, inayozima tachipadi mausi ikichomekwa na kuirudisha ikichomolewa:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad send-events disabled-on-external-mouse

Lakini nina wasiwasi na kitu kingine kwenye barua yako kuliko tachipadi. Kibodi ya juu ikilalia ile ya chini, miguu yake midogo ya mpira hukandamiza vitufe. Vile vilivyo hai vinaandika, na utaona herufi moja ikijirudia ukadhani ni virusi. Pia laptopu nyingi hutoa joto sehemu hiyo ya juu, nawe umeifunika. Tena chai yenye sukari haikauki ikaisha. Inabaki inanata na inaendelea kula njia za umeme polepole, kwa hiyo herufi zitaongezeka kufa. Mwonyeshe fundi aliye karibu nawe aifungue, aisafishe, na akuulizie bei ya kibodi ya ndani ya modeli yako. Kwa laptopu za ofisini zinazouzwa used, kibodi hupatikana na kubadilishwa bila kugusa ubao mkuu. Ile faili niliyokupa itakusaidia hadi siku hiyo, kisha uifute.

SWALI: Assalaam aleikum dada fundi. Mimi shida yangu kinyume. Nacheza gemu kwenye laptopu ya kaka, ina Linux yenye mwonekano wa KDE. Nikishikilia W ili mtu atembee, tachipadi inakufa kabisa, siwezi kugeuka. Nikiachia W inafufuka. Tachipadi imeharibika? — Kijana, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam. Haijaharibika. Kwa libinput, kushikilia W ni kuchapa, na muda wa kufunga tachipadi unajirudia maadamu kitufe kiko chini. Fungua System Settings, nenda sehemu ya Touchpad, uondoe tiki ya Disable while typing. Utaweza kutembea na kugeuka kwa wakati mmoja. Ukimaliza kucheza irudishe, kwa sababu laptopu ni ya kaka na huenda kesho anaandika kazi yake humohumo.